Usiiloweke bahasha ya mkebeni: jibu kuhusu stempu za kale za Zanzibar

SWALI: Assalaam alaykum. Mimi ni mkaazi wa Wete. Bibi mzaa mama alipofariki nilipata mkebe wake wa biskuti wenye makaratasi. Mna bahasha moja yenye barua ya Kiswahili cha herufi za Kiarabu, imeandikwa 17 Jumada Thani 1313, imetoka Unguja kwenda Mombasa kwa babu yake bibi. Stempu yake ni ya India ya anna moja, ina kichwa cha Malkia na juu yake neno "Zanzibar" kwa wino mweusi. Pembeni ya anuani pana nambari ya posta ya tarakimu za Kiarabu, na pembe ya bahasha ina madoa ya rangi ya kutu. Nimekutumia picha ya mbele yake. Mna pia mfuko wa stempu zilizokwisha banduliwa. Moja imeandikwa "Zanzidar", na nyengine nyingi zimepigwa "JAMHURI 1964" mshazari. Hizi ni za juzi, je, nizitupe? Chini ya mfuko mna pia bahasha mbili za ofisi zenye stempu hizo, na muhuri wa Wete wa Februari 1964. Binamu yangu anasema niiloweke bahasha niitoe stempu. Kuna mtu anataka kuinunua hiyo ya "Zanzidar" na amenihimiza nisichelewe. Je, ni ya kweli? Na kwa nini barua ya Unguja ikatiwa stempu ya India?

JIBU: Wa alaykum salaam, mwanangu, na Mungu amrehemu bibi yako aliyekutunzia mkebe huo.

Kama bakuli la maji lishatengwa, limwage. Bahasha usiiloweke, stempu usiibandue, hata kipembe cha karatasi usikate. Binamu yako hana kosa, maana sisi sote tuliokusanya stempu utotoni tulifundishwa hivyo hivyo: maji ya vuguvugu, stempu inaachia, unaianika juu ya gazeti, unaitia kwenye albamu. Nilipokuwa skuli jirani mmoja alinipa furushi la bahasha za mfanyabiashara wa karafuu. Nikakaa uani na karai asubuhi nzima. Adhuhuri nilikuwa na stempu sitini hivi za Seyyid Khalifa, zinafanana kama mayai, na rundo la karatasi zilizorowa, nikalipeleka jaani. Katika karatasi zile mlikuwa na mihuri ya Mkoani na ya Chake Chake, na nyuma ya baadhi yake hesabu za magunia kwa Kigujarati. Stempu zile ninazo mpaka leo na mtu akiziomba nitampa zote bure. Bahasha zile nikizikumbuka roho inaniuma, na ndiyo maana nakuandikia kwa urefu.

Sasa habari ya India. Zamani za Seyyid Majid nchi hii haikuwa na posta. Barua ya kwenda ng'ambo alipewa nahodha, au ilipitia kwenye ubalozi, ikingoja chombo cha kuelekea Bombay au Shelisheli. Serikali ya India ya Waingereza ilifungua posta hapa Novemba 1868, na Aprili 1869 ikafungwa kwa sababu za kisiasa. Ikafunguliwa tena tarehe 1 Oktoba 1875, wakati wa Seyyid Barghash, na safari hiyo ikakaa. Ilikuwa tawi la posta ya India kama matawi mengine yote, na stempu alizouza karani wa Bombay ndizo alizouza karani wa Unguja. Hakuna aliyeona ajabu. Rupia ilikuwa ikitumika sokoni, wafanyabiashara wakubwa wa mjini wengi walikuwa Wahindi, na tangu 1872 meli za kampuni ya British India zilikuwa zikipita hapa na barua.

Kwa hiyo kwa miaka 20, kuanzia 1875 hadi 1895, barua za Zanzibar zilisafiri kwa stempu za India tupu, bila ya neno Zanzibar popote. Kinachotujulisha kwamba ni zetu ni muhuri wa posta peke yake. Rudi kwenye mfuko wako, tafadhali, uzitazame upya zile stempu za India ambazo pengine umezitenga ukidhani si za hapa. Ukiona katika wino wa muhuri herufi ZANZ, au hata mkia tu wa ZIBAR, iweke kando kwa heshima. Wengi wamezitupa hizo, au wamezitia katika albamu ya India, wakabaki kuisaka ile yenye jina lililochapwa.

Tarehe 10 Novemba 1895 posta ikatolewa mikononi mwa India, ikatiwa chini ya utawala wa posta ya Afrika Mashariki ya Kiingereza. Stempu mpya hazikuwa tayari. Zikachukuliwa zile zile za India, zikapelekwa katika kiwanda cha chapa cha gazeti la serikali, The Zanzibar Gazette, hapa hapa mjini, zikachapwa jina la nchi juu ya uso wa Malkia. Za mwanzo kabisa, za nusu anna na za anna moja, zilichapwa kwa wino wa buluu, kisha wakahamia wino mweusi. Yako umeniambia ni nyeusi. Ungeniambia ni ya buluu ningepanda boti kesho kuja Wete.

Zilichapwa kwa herufi za risasi, zile ndogo za kupangwa moja moja kwa vidole, na jina lilipangwa upya kwa kila nafasi ya stempu. Mpangaji akishika herufi isiyo yake, au akiruka moja, kosa linajirudia katika kila karatasi inayopita mashineni mpaka mtu agundue. Ndiyo chanzo cha "Zanzidar", ambapo d imekaa mahali pa b, na chanzo cha "Zanibar", ambapo z ya pili imepotea. Makosa hayo yapo kweli, yanajulikana duniani kote, na yanatafutwa.

Na kwa sababu yanatafutwa, yameghushiwa mno. Mghushi hana haja ya kutengeneza stempu. Anna moja ya India ya Malkia Victoria ilichapwa kwa mamilioni na inauzwa kwa bei ya karanga. Anainunua ya kweli kabisa, yenye alama ya nyota ndani ya karatasi na meno yake kamili, kisha anapiga juu yake neno moja tu. Kwa hiyo mtu akikwambia "nimeitazama alama ya karatasi, ni halisi", hajakwambia kitu. Linalotakiwa kuchunguzwa ni lile neno.

Fanya hivi. Chukua lenzi, ile ya sonara au fundi saa inafaa, ukae karibu na dirisha asubuhi mwanga ukiingia kwa ubavu. Kwanza tazama muhuri wa posta. Ukisoma humo Bombay, Calcutta au mji wowote wa bara Hindi, mambo yamekwisha: stempu ilitumika India, na jina likapigwa baadaye na mtu mwenye tamaa. Ukisoma Zanzibar, tafuta tarehe. Kabla ya 10 Novemba 1895 neno hilo halikuwapo juu ya stempu yoyote. Halafu tafuta mahali ambapo mstari wa muhuri unakatana na herufi za neno. Muhuri wa kweli ulipigwa posta, stempu ikiwa na jina lake tayari, kwa hiyo wino wake unapita juu ya herufi. Ukiona herufi ndizo zimepanda juu ya muhuri, jina limekuja mwisho. Jambo la tatu ni umbo la herufi zenyewe. Unayo stempu ya bahasha, ambayo kwa maelezo yako sina sababu ya kuitilia shaka: iweke jirani na "Zanzidar" yako, ulinganishe unene wa Z kubwa, upana wa a, na urefu wa neno zima kwa rula ya milimita. Mara nyingi ya kughushi hujisaliti kwa urefu.

Hata ikifaulu yote hayo, mimi kwa picha ya simu sikuhakikishii, na mtu yeyote atakayekuhakikishia kwa picha ya simu usimsikilize. Kuna kamati za wajuzi zinazotoa vyeti. Ya Royal Philatelic Society ya London, jumuiya iliyoanzishwa 1869, inaheshimiwa na wauzaji wote. Wanalipisha, kwa hiyo pitisha kwanza vipimo vya nyumbani. Huyo anayekuhimiza umwambie unangoja cheti. Kama amekuja kwa nia njema atangoja.

Mfukoni unaweza kukuta pia stempu yenye picha ya sultani na bendera nyekundu mbili ubavuni. Huyo ni Seyyid Hamad bin Thuwaini, na stempu zake zina kisa kinachonigusa. Zilichongwa na kuchapwa na kampuni ya De La Rue ya London, nazo zilipotoka kuuzwa mwishoni mwa 1896 mwenyewe hayuko duniani. Alifariki tarehe 25 Agosti 1896. Siku mbili baadaye manowari za Kiingereza zikaipiga kwa mizinga kasri ya baharini kwa muda usiotimia saa moja, Seyyid Khalid, aliyekuwa amejitwalia kiti cha usultani, akakimbilia kwa Wajerumani, na Seyyid Hamoud bin Mohammed akawekwa. Kwa hiyo watu wa mji huu walitia barua zao sura ya marehemu, chini ya mtawala mwengine, mpaka stempu za Hamoud zilipokuja 1899.

Wajerumani nao walikuwa na posta yao hapa, kwa muda wa mwaka mmoja hivi tu, kuanzia Agosti 1890 hadi Julai 1891. Ya Wafaransa ilidumu zaidi, 1889 hadi 1904. Hukunitajia stempu zenye maandishi ya Kifaransa na neno "annas". Zikitokea mkebeni nipe habari, tutazizungumza peke yake.

Tuje kwenye bahasha, maana hiyo ndiyo mali yako. Nimeikuza picha yako mpaka nikaona nyuzi za karatasi. Mbele, stempu ya anna moja, rangi ya zambarau iliyoiva, na muhuri wa duara wa Zanzibar wenye tarehe 7 Desemba 1895. Kutoka 10 Novemba hadi siku hiyo hazijatimia hata wiki nne. Huyo mwandishi wa Unguja alinunua stempu ambayo wino wake, naweza kusema, ulikuwa haujakauka.

Halafu tarehe ya barua. 17 Jumada Thani 1313, au kama wazee wetu walivyokuwa wakisema, Mfunguo Tisa. Mwaka 1313 uliingia Juni 1895, na Mfunguo Tisa ya mwaka huo iliandama karibu na 19 Novemba. Hesabu siku 17, unafika tarehe 5 Desemba, ukiacha siku moja huku au huku kwa ajili ya mwandamo. Barua imeandikwa tarehe 5, imegongwa muhuri tarehe 7: imekaa siku mbili ikingoja meli, kama barua zote za wakati ule. Unaona tarehe mbili za kalenda mbili, moja ya mkono wa mwandishi na moja ya chuma cha karani, zilivyoshuhudiana? Hakuna mghushi wa kupanga jambo hilo. Ungeitoa stempu na kuilaza albamuni, nusu ya muhuri ingebaki kwenye karatasi, barua ingetengwa na bahasha yake, na ushahidi wote huo ungekwisha.

Kuna kitu kingine pembeni ya anuani ambacho wewe umekiita "nambari ya posta". Ni tarakimu nne za Kiarabu, 8642. Posta haina habari nayo. Katika hesabu ya abjad, ambayo kila herufi ya Kiarabu ina nambari yake, ba ni 2, dal ni 4, waw ni 6 na ha ni 8. Zikiungwa zinasomeka "buduh", neno ambalo watu wa zamani katika nchi za Kiarabu na mwambao wa bahari hii waliliandika kwenye barua ili ifike salama mkononi mwa mwenyewe. Hiyo ni dua ya mwandishi, na imekaa sentimita tatu tu kutoka kwenye stempu. Nimeona wenye maduka wakiifuta kwa kifutio cha penseli ili bahasha "ipendeze". Yako isiguswe.

Barua yenyewe mtafute mtu mzima anayesoma Kiswahili cha herufi za Kiarabu. Wete na Micheweni watu wa namna hiyo hawajakwisha, ila wanapungua. Akusomee huku unaandika kila neno, hata salamu ndefu za mwanzo zinazoonekana hazina habari, kwa sababu ndani ya salamu hizo mna majina ya ndugu. Ukija Unguja, Nyaraka za Zanzibar pale Kilimani wana uzoefu wa maandiko ya aina hiyo. Kuwaachia picha nzuri ya barua hakukuondolei umiliki wako.

Hizo za "JAMHURI 1964" umeziita "za juzi" na ukaniuliza kama uzitupe. Usizitupe. Uhuru ulikuja tarehe 10 Desemba 1963, na stempu zake zikachapwa na sura ya Sultan Jamshid. Mapinduzi yakawa tarehe 12 Januari 1964. Nchi imekuwa jamhuri na posta imejaa stempu za sultani, na barua haziwezi kusimama. Tarehe 17 Januari, siku tano tu baadaye, stempu zikaanza kuuzwa zikiwa zimegongwa muhuri wa mkono: JAMHURI 1964. Mkono wa mtu hauendi kama mashine, ndiyo maana zako zimekaa mshazari, nyengine juu, nyengine zimeangukia ukingoni. Mwishoni mwa Februari zikaletwa zilizochapwa Uingereza, maneno yake yamenyooka. Wengi wanazipenda hizo kwa unadhifu wake. Mimi nazipenda za mshazari, kwa kuwa zilifanywa hapa, na watu wetu, katika wiki ambayo hakuna aliyejua kesho itakuwaje.

Tahadhari ni ile ile: muhuri wa mpira ni rahisi kuuiga, kwa hiyo stempu moja moja isiyotumika haithibitishi sana. Lakini umesema chini ya mfuko mna bahasha mbili za ofisi zenye stempu hizo, na muhuri wa Wete wa Februari 1964. Hizo ndizo bora katika fungu hilo, zitoe mfukoni leo. Barua iliyotoka Pemba mwezi wa pili baada ya Mapinduzi, ikiwa nzima na tarehe inasomeka, ni kitu ambacho ningetembea mbali kukiona. Stempu za Zanzibar peke yake ziliendelea hadi mwisho wa 1967, kisha zikaondolewa, kwa hiyo mlango huo nao umeshafungwa.

Kuhusu kuhifadhi, adui yako ni masika. Mkebe wa biskuti umezilinda na mende lakini unafungia unyevu ndani, na madoa ya rangi ya kutu uliyoyaona kwenye pembe ya bahasha ni kuvu. Usiyasugue. Toa kila kitu, kiache siku moja chumbani penye hewa, mbali na jua. Bahasha ziweke kila moja peke yake katika mfuko wa plastiki ngumu angavu wa kuhifadhia picha, uliotengenezwa kwa polyester. Ile laini ya kunuka ya madukani ina mafuta yanayokula wino. Vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu tia viwili vitatu kabatini, na uvibadilishe. Kabati lisiegemee ukuta wa nje, kuta zetu za chokaa zinatoa jasho. Stempu zenye gundi zilizogandana usizivute. Ziache hivyo hivyo mpaka tuonane.

Na nakuomba sana, usipeleke kitu chochote kutiwa plastiki ya moto kule wanakotia vyeti na vitambulisho. Mwaka fulani aliniletea mtu barua ya zama za Seyyid Barghash amekwisha kuifanya hivyo, anafurahi kwamba sasa haitachanika. Wino ulikuwa umeyeyuka na kuingia katika plastiki, na hapana njia ya kuirudisha. Utepe wa gundi nao usiutumie hata pale bahasha ilipopasuka mkunjo. Ukitaka kuandika maelezo, andika kwa penseli kwenye karatasi ya pembeni: nani alikupa, lini, na huyo wa Mombasa ni nani kwenu.

Bei sitaitaja, kwa sababu sijaishika bahasha mkononi na kwa sababu naona katika maneno yako hujaamua kuuza. Ukiamua siku moja, uza bahasha na barua yake pamoja, kwa mtu mmoja, na maelezo ya ukoo yaende nayo.

Kwa sasa naomba kitu kimoja. Umenipigia picha ya mbele tu. Igeuze bahasha, usiifungue zaidi ya ilivyo, uipige picha nyuma mchana kwenye mwanga wa dirishani. Katika pembe ya kushoto naona kivuli cha duara kinapenya karatasi, na nadhani ni muhuri wa kupokelea wa Mombasa. Nataka kujua tarehe yake ni 9 au 10 Desemba.